Namba moja tu: kwa nini seva ya hifadhidata huanguka kikomo cha miunganisho kinapobadilishwa

Mzigo umepanda. Kurasa hazifunguki, na kwenye logi ya programu ujumbe ni mmoja unaojirudia: Too many connections, yaani miunganisho imezidi. Msimamizi anaingia kwenye seva, anakuta kikomo cha miunganisho kimewekwa 151, anaandika amri ya mstari mmoja kukipandisha hadi 1000. Amri inakubaliwa papo hapo. Makosa yanakoma, watu wanashusha pumzi. Dakika chache baadaye hifadhidata yenyewe inatoweka. Mwanzo ilikuwa ikikataa wageni wapya huku ikiendelea kuwahudumia waliokwisha kuingia. Sasa haipo kabisa, na kila aliyekuwa ndani ametupwa nje na muamala wake ukiwa nusu.

Wanaokutana na tukio hili kwa mara ya kwanza husema programu ya hifadhidata ina kasoro. Wakati mwingine ni kweli, na nitaeleza kasoro ya namna hiyo inavyokuwa. Lakini mara nyingi zaidi seva imefanya ilichoamriwa, na amri yenyewe ndiyo iliyokuwa na deni lililofichika. Kikomo cha miunganisho kinaonekana kama namba iliyosimama peke yake. Ukweli ni kwamba ndani ya seva kuna vitu vingi vilivyokatwa kwa kipimo cha namba hiyo siku seva ilipowashwa, na unapoibadilisha kazi ikiendelea, vingine vinafuata na vingine vinabaki na kipimo cha zamani.

Tuanze na muunganisho wenyewe, kwa sababu neno hili linadanganya. Linaleta picha ya waya au mlango ulioachwa wazi, kitu kisicho na gharama. Chukua programu mbili maarufu za hifadhidata, MySQL na PostgreSQL. Katika MySQL kila muunganisho, kwa mpangilio wa kawaida, hupewa uzi wake wa kazi, yaani mfululizo wake wa utekelezaji, ndani ya mchakato (programu inayoendeshwa) mmoja mkubwa. Katika PostgreSQL kila muunganisho ni mchakato kamili wa mfumo endeshi. Kwa vyovyote vile, umeongeza mfanyakazi: ana sehemu yake ya kumbukumbu, ana soketi yake (ncha ya mawasiliano ya mtandao), na akianza kazi atadai zamu kwenye prosesa na kufuli kwenye majedwali, yaani haki ya kuwazuia wengine hadi amalize. MySQL huja na kikomo cha 151, na juu yake huacha nafasi moja ya ziada kwa msimamizi mwenye haki maalumu. PostgreSQL huja na 100, na kati ya hizo 3 zimewekwa akiba kwa mtumiaji mkuu. Hizi si namba za uchoyo.

Sasa, kwa nini miunganisho ilijaa? Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni fupi ya foleni: idadi ya walio ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya wanaoingia mara muda ambao kila mmoja anakaa. Chukua programu inayotuma hoja, yaani maombi kwa hifadhidata, 400 kwa sekunde, kila hoja ikichukua milisekunde 50. Miunganisho inayotumika kwa wakati mmoja ni 400 mara 0.05, yaani 20. Seva imetulia kabisa. Halafu kitu kimoja kinaharibika: faharasa inayoharakisha utafutaji imefutwa kwa bahati mbaya, au kuna muamala mmoja mrefu ulioshika kufuli ambayo wengine wote wanaihitaji. Kila hoja sasa inachukua sekunde 2. Watumiaji ni wale wale, hoja ni zile zile 400 kwa sekunde, lakini miunganisho inayohitajika imefika 800.

Kwa maneno mengine, miunganisho imejaa kwa sababu kazi imekuwa polepole. Idadi ya wateja haijaongezeka hata mmoja. Kikomo cha 151 kilikuwa kikifanya kazi ya boma: kiliwazuia mamia nje ili waliomo ndani wamalize. Kukipandisha hadi 1000 ni kuwaruhusu wote 800 waingie kugombea prosesa yenye viini 16 na kufuli ile ile moja. Hoja iliyokuwa ikichukua sekunde 2 sasa inachukua 5, na kwa kanuni ya Little miunganisho inayohitajika inakuwa 2,000. Kikomo kipya nacho kinajaa, safari hii wakiwa wamebanana zaidi.

Huo bado si mwanguko. Ni seva iliyoelemewa. Mwanguko unakuja kwa njia kadhaa, na kamba hukatikia pabovu: inategemea ni kipi kilichokuwa dhaifu zaidi kwenye mashine hiyo.

Njia ya kwanza: kumbukumbu

Hii ndiyo inayoua seva nyingi. Hesabu yake ni rahisi, na inauma kuona jinsi inavyorukwa. Hifadhidata ina kumbukumbu ya pamoja, inayotengwa mara moja na kutumiwa na wote, na ina kumbukumbu ya kila muunganisho. Katika MySQL, bafa (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya kupanga matokeo huja na kilobaiti 256, ya kuunganisha majedwali 256, ya kusoma kwa mfululizo 128, ya kusoma baada ya kupanga 256. Peke yake ni kidogo. Lakini mtu fulani, zamani, alitaka ripoti moja iende haraka akapandisha bafa ya kupanga hadi megabaiti 8 kwa wote. Kwa miunganisho 150 inayopanga kwa pamoja hiyo ni gigabaiti 1.2. Kwa miunganisho 1,000 ni gigabaiti 8, na hujahesabu majedwali ya muda.

PostgreSQL ina mtego wa namna yake. Mpangilio wa work_mem, ambao huja na megabaiti 4, haupimi hoja nzima. Unapima kila hatua ya kupanga au kujumlisha ndani ya hoja, na hoja moja inaweza kuwa na hatua kadhaa. Ukiuweka megabaiti 64, ukawa na miunganisho 500, kila mmoja akiwa na hatua mbili, umeahidi megabaiti 64,000. Hakuna aliyeandika namba hiyo popote. Imezaliwa na kuzidisha tu.

Kwa nini basi seva haikatai pale pale kikomo kinapopandishwa? Kwa sababu Linux hutoa kumbukumbu kwa ahadi. Programu ikiomba, kerneli, kiini cha mfumo endeshi, inasema ndiyo, na ukurasa halisi wa kumbukumbu hutolewa pale tu programu inapougusa. Kupandisha kikomo hakugusi chochote. Kuunganishwa kwa wateja 800 kunagusa kidogo. Ni pale hoja nzito zinapoanza kupanga matokeo kwa pamoja ndipo ahadi zote zinadaiwa kwa mara moja, na kerneli, ikiona haina cha kulipa, inatafuta mchakato wa kuua, kwa kawaida ule unaotumia kumbukumbu nyingi zaidi. Kwenye seva ya hifadhidata, mkubwa kuliko wote ni hifadhidata. MySQL, ikiwa mchakato mmoja, inakufa yote. Kwenye PostgreSQL huenda akauawa mfanyakazi mmoja tu, lakini mchakato mama ukiona mtoto wake amekufa kwa ishara ya 9, amri ya kuua papo hapo, hauwezi kujua aliacha kumbukumbu ya pamoja katika hali gani. Kwa hiyo unawaondoa wafanyakazi wote, unaisafisha kumbukumbu hiyo na kuanza kurejesha data kutoka kwenye logi yake ya mabadiliko. Kwa mtumiaji hakuna tofauti: wote wametupwa nje.

Ndiyo maana mwongozo wa PostgreSQL unashauri kuuweka mpangilio wa Linux uitwao vm.overcommit_memory kuwa 2 kwenye seva ya hifadhidata, ili kerneli iache kuahidi kupita uwezo. Ombi la kumbukumbu linakataliwa, hoja moja inashindwa kwa kosa linalosomeka, na seva inabaki hai. Naukubali ushauri huo kwa moyo wote. Hoja moja iliyoshindwa ni tatizo la mtu mmoja.

Ukitaka kuona kwamba wenye uzoefu huifunga namba hii kwenye kumbukumbu, tazama Amazon RDS, huduma ya kukodi hifadhidata. Kwa MySQL kikomo chake cha kawaida ni kumbukumbu ya mashine kwa baiti kugawanywa kwa 12,582,880, yaani karibu megabaiti 12 kwa kila muunganisho. Ukihamia mashine ndogo, kikomo kinashuka chenyewe.

Njia ya pili: namba za faili

Kwenye Unix, kila soketi na kila faili iliyofunguliwa hupewa namba na mfumo endeshi, na kila mchakato una kiwango cha juu cha namba hizo. Hifadhidata inazitumia kwa mambo mawili kwa wakati mmoja: kuwapokea wateja na kufungua majedwali. Wanakula sahani moja, na mmoja akiongezewa, mwingine anapunguziwa.

MySQL inalijua hili vizuri inapowashwa. Inachukua kiwango ilichopewa na mfumo endeshi na kufanya hesabu. Kiwango kikiwa 1024, inatoa 10 za matumizi yake, inatoa 800 za majedwali, na kinachobaki ni 214. Wasimamizi wengi wameshaiona namba hii 214 bila kujua inatoka wapi: umeandika 1000 kwenye faili la mipangilio, umewasha upya, unauliza seva na inakujibu 214. Logi iliandika onyo, lakini nani anasoma logi ya kuwaka iliyofanikiwa? Kinachochanganya zaidi ni kwamba msimamizi alikuwa tayari ameongeza kiwango kwenye faili la limits.conf, ambalo huduma zinazowashwa na systemd, programu ya Linux inayosimamia huduma, hazilitumii. Kiwango cha huduma huwekwa kwenye faili la huduma yenyewe, kwa jina LimitNOFILE.

Hesabu hiyo hufanywa wakati wa kuwasha. Ukibadilisha kikomo seva ikiwa inakwenda, hairudiwi. Unaomba 1000, unapewa 1000, na namba za faili zimebaki zile zile. Seva itaendelea kupokea wageni hadi namba ziishe, na zitaisha mahali pabaya: mgeni wa mwisho amechukua namba ambayo uzi mwingine ulikuwa unaihitaji kufungua faili la jedwali. Kosa namba 24, la faili nyingi mno zilizofunguliwa, linaanza kujitokeza kwenye hoja zisizohusiana kabisa na miunganisho. Katika PostgreSQL, seva ikishindwa kufungua faili la logi ya mabadiliko katikati ya kuandika, hujizima kwa makusudi, kwa sababu kuendelea kungemaanisha kumwambia mtu muamala wake umehifadhiwa wakati haujahifadhiwa. Hapo mwanguko ndio uaminifu wenyewe, na sioni namna nyingine ambayo ingekuwa sahihi.

Kuna jirani wa tatizo hili asiyesemwa sana. Programu za zamani zinazosubiri data kutoka soketi nyingi kwa kutumia wito wa mfumo uitwao select huweka orodha ya namba za faili kwenye ramani ya biti 1024, yaani baiti 128. Namba ya faili ikifika 1024 au zaidi, biti inaandikwa nje ya baiti hizo, juu ya kitu kingine chochote kilichokaa hapo kwenye kumbukumbu. Mradi kikomo kilikuwa kidogo, namba hazikufika huko na kasoro ililala miaka. Siku kikomo kinapandishwa ndiyo siku inaamka, mara nyingine kwenye programu ya kati iliyo mbele ya hifadhidata na si hifadhidata yenyewe.

Njia ya tatu: nyuzi zinazogongana

Hii ndiyo kasoro halisi ya programu, na ndiyo inayonivutia kuliko zote kwa sababu inaonyesha kwa nini jambo hilo hilo hufanywa mara mia kwenye seva ya majaribio bila tatizo, halafu likaua seva ya kazi.

Fikiria seva iliyo na safu ya nafasi kwenye kumbukumbu, nafasi moja kwa kila muunganisho, urefu wake ukiwa sawa na kikomo. Uzi unaomhudumia mteja unasoma anwani ya safu hiyo, unahesabu nafasi yake, unaandika. Hatua tatu. Sasa msimamizi anapandisha kikomo. Safu ya zamani haitoshi, kwa hiyo programu inatenga kubwa zaidi, inanakili yaliyomo, na kuiachia ya zamani. Uzi uliokuwa umeshasoma anwani lakini haujaandika unashika anwani ya nyumba iliyobomolewa. Utaandika pale pale, juu ya kumbukumbu ambayo pengine tayari amepewa mwingine. Matokeo ni ishara ya 11, ya kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa, na seva kuanguka, au, vibaya zaidi, seva isiyoanguka ikiwa na data iliyochafuka.

Dawa inajulikana: kufuli inayomlazimisha anayebadilisha safu angoje kila anayeitumia. Lakini kufuli kwenye njia inayopitwa na kila mteja ni ghali, kwa hiyo waandishi wa programu wanashawishika kuiacha kwenye hatua wanazodhani ni salama.

Kwa nini mzigo ndio unaoifichua? Rudi kwenye kanuni ya Little. Tuseme wateja 5,000 kwa sekunde wanapita kwenye hatua hizo tatu, na kila mmoja anatumia mikrosekunde 1. Idadi ya walio katikati ya hatua kwa wakati wowote utakaochungulia ni wastani wa 0.005. Ukibadilisha kikomo wakati huo, uwezekano wa kumkuta mtu ndani ni kama mmoja kati ya 200. Lakini mashine iliyoelemewa haifanyi hivyo. Nyuzi ni nyingi kuliko viini vya prosesa, na mfumo endeshi unaweza kuunyang'anya uzi prosesa katikati ya hatua, ukaukalisha pembeni kwa milisekunde 5. Hata ikiwa ni mmoja tu kati ya 100 anayepatwa na hilo, hao ni 50 kwa sekunde, kila mmoja akikaa sekunde 0.005 ndani ya eneo la hatari: wastani wa 0.25. Hatari imepanda mara 50, na hakuna hata herufi moja ya programu iliyobadilika. Kwenye seva ya majaribio yenye wateja watatu ungeweza kujaribu mwaka mzima.

Kushusha kikomo kuna hatari yake, na watu hawaitarajii kwa sababu kushusha kunaonekana ni upole. Mwandishi wa programu amezoea kwamba waliounganishwa hawazidi kikomo, kwa hiyo mahali fulani ameandika: nafasi zilizobaki ni kikomo kutoa waliopo. Wakiwepo 150 na kikomo kikashushwa hadi 100, jibu ni hasi 50. Kama namba hiyo imetunzwa kwa aina isiyojua hasi, ya biti 32, haitakuwa hasi 50 bali 4,294,967,246. Seva sasa inaamini ina nafasi bilioni nne. MySQL imeepuka mtego huu kwa kutowagusa waliokwisha kuingia: ukishusha kikomo, waliopo wanabaki hadi waondoke wenyewe, na wapya wanakataliwa mpaka idadi ishuke chini ya kikomo kipya.

Nani amelitatua vizuri

Kuna misimamo miwili ninayoiheshimu. Wa kwanza ni wa PostgreSQL: kataa. Huwezi kubadilisha max_connections bila kuwasha seva upya. Wengi hulalamika, lakini sababu iko wazi. Jedwali la michakato na jedwali la kufuli vimo kwenye kumbukumbu ya pamoja iliyotengwa mara moja wakati wa kuwasha, na ukubwa wa jedwali la kufuli unatokana moja kwa moja na idadi ya miunganisho ikizidishwa kwa kufuli 64 za kila muamala. Badala ya kujifanya namba inaweza kubadilika peke yake, seva inakulazimisha ukate vipimo vyote upya.

Hata hivyo msimamo huo haukuokoi ukiwa na seva ya akiba inayofuata seva kuu. Seva ya akiba inayoruhusu kusomwa lazima iwe na kikomo kisichopungua cha seva kuu, kwa sababu inatakiwa kuweza kufuatilia miamala yote iliyo hai kule. Ukipandisha seva kuu kwanza, mabadiliko hayo yanasafiri kwenye logi, yanafika kwenye seva ya akiba, na kabla ya toleo la 14 seva ya akiba ilikuwa inajizima. Tangu toleo la 14 la mwaka 2021 inasimamisha urejeshaji na kungoja, jambo ambalo ni afadhali, ingawa bado utajikuta na seva ya akiba iliyobaki nyuma. Utaratibu sahihi ni huu: ukipandisha, anza na seva ya akiba, ukishusha, anza na seva kuu.

Msimamo wa pili ni wa Redis, hifadhidata inayotunza data kwenye kumbukumbu: kubali, lakini hakikisha kwanza. Kikomo chake cha kawaida ni wateja 10,000, na unaweza kukibadilisha ikiwa inakwenda. Inapopokea amri inauliza mfumo endeshi kama namba za faili zitatosha. Zisipotosha, inakataa amri na kueleza sababu. Zikitosha, inapanua jedwali lake la matukio. Na kwa kuwa uzi mmoja ndio unaotekeleza amri zote, hakuna mwingine aliyeshika anwani ya zamani wakati jedwali linahamishwa.

Ukifika eneo la tukio

Seva ikiwa imeanguka, kabla ya kugusa chochote soma ilikufaje. Logi ya hifadhidata ikikatika ghafla bila neno la mwisho, nenda kwenye logi ya kerneli. Ukikuta imeandikwa kwamba mchakato uliuawa kwa kukosa kumbukumbu, una jibu. Ukikuta ishara ya 11 na orodha ya anwani kwenye logi ya hifadhidata yenyewe, hiyo ni kasoro ya programu: hifadhi orodha hiyo, angalia kama toleo jipya limeirekebisha. Ukikuta kosa namba 24 likijirudia dakika kadhaa kabla, ni namba za faili. Njia hizi tatu zinatibiwa tofauti kabisa, na kuongeza kumbukumbu hakutibu nyuzi zinazogongana.

Na kama bado haijaanguka, miunganisho imejaa na mkono uko kwenye kibodi? Usikimbilie kikomo. Tazama ni nyuzi ngapi zinafanya kazi kweli, si ngapi zimeunganishwa. MySQL hutenganisha hizo mbili kwa Threads_running na Threads_connected. Ukikuta 800 wameunganishwa na 12 tu wanafanya kazi, programu imeshika miunganisho isiyoitumia, na tatizo liko kwenye programu. Ukikuta 140 wote wanafanya kazi, tafuta wanangoja nini. Mara nyingi kuna hoja moja au muamala mmoja ulioshika kufuli, na kuuondoa huo kunashusha foleni nzima kwa sekunde chache. Ili uweze kuingia na kutazama wakati milango imejaa, andaa mlango wa msimamizi mapema: MySQL tangu toleo 8.0.14 inaruhusu anwani ya usimamizi yenye mlango wake, kwa kawaida 33062, usiohesabiwa na kikomo.

Mahali pazuri pa kubadilisha idadi ya wateja ni mbele ya hifadhidata, kwenye programu ya kati inayowapokea wengi na kuwapitisha wachache kwa zamu. PgBouncer na ProxySQL zimetengenezwa kwa kazi hiyo. PgBouncer ikiwekwa kugawa kwa muamala, wateja 2,000 wanaweza kuhudumiwa na miunganisho 20 ya kweli, kwa sababu wengi wao wakati wowote hawana muamala wazi. Wanaosubiri wanasubiri kwenye foleni isiyo na gharama, mbali na kufuli na bafa. Ina sharti lake: vitu vinavyoishi kwenye kikao, kama majedwali ya muda, havitavuka kutoka muamala mmoja hadi mwingine. Na ukipandisha kikomo cha PgBouncer chenyewe, suala la namba za faili linakufuata huko huko.

Ikiwa baada ya yote haya kikomo cha hifadhidata kweli ni kidogo, kipandishe mzigo ukiwa chini, kwa hatua, ukiwa umezidisha bafa zako kwa namba mpya na umethibitisha kiwango cha faili cha mchakato unaokwenda, si kile kilichoandikwa kwenye faili la mipangilio. Kisha hakikisha badiliko linadumu. Katika MySQL, SET GLOBAL husahaulika seva ikiwashwa upya. Msimamizi anapandisha leo, anasahau, seva inawashwa upya wiki tatu baadaye kwa sababu nyingine, kikomo kinarudi 151, na timu nzima inatafuta badiliko lililofanywa siku hiyo wakati hakuna. Tangu toleo la 8.0 kuna SET PERSIST kwa ajili hiyo.

Kuna hatua moja zaidi ambayo huangusha seva mara ya pili, na huwa inawakuta watu wakiwa wamechoka. Seva ikirudi, kashe yake, yaani data iliyokuwa imewekwa karibu kwenye kumbukumbu, ni tupu. Kila hoja inasoma diski, kwa hiyo kila hoja ni polepole, na wakati huo huo programu zote zilizokuwa zimekatwa zinajaribu kuunganishwa kwa pamoja, zikishindwa zinajaribu tena papo hapo. Ni ile hali ya hoja za sekunde 2, mara hii bila kosa la mtu. Programu zinapaswa kungoja muda unaoongezeka kila zinaposhindwa, na muda huo uwe na kubahatisha kidogo ndani yake ili zisirudi zote kwa mpigo. Kwa upande wa seva, ni busara kuiwasha ikiwa na kikomo cha chini, tuseme 50, uache wachache waijaze kashe kwa hoja zao, uongeze hadi 100 muda wa majibu unapokaribia ule wa kawaida, kisha urudi kwenye kipimo chako cha siku zote.